Maswali na Majibu ya Wasomaji: Ruwaza ya Kiwanda Katika Programu za Wavuti

Barua nyingi zilizofika kwa ajili ya safu hii zimegusa ruwaza ya kiwanda, yaani utaratibu wa kuikabidhi sehemu moja ya programu jukumu la kuunda objekti (kitu cha ndani ya programu chenye data na kazi zake) ili sehemu nyingine zisilazimike kujua ni klasi gani hasa, yaani kielelezo kipi cha kuundia objekti, iliyotumika. Tumechagua tano na kuzifupisha pale ilipobidi. Waliouliza hawatumii kiunzi kimoja (kiunzi ni msingi ulio tayari wa kujengea programu; Laravel ni cha lugha ya PHP, Flask na Django ni vya Python), hivyo kila jibu linafuata kiunzi cha muulizaji.

Swali: Ndugu mhariri, ninatengeneza duka la mtandaoni kwa Laravel. Nilianza na malipo ya M-Pesa ya Safaricom peke yake, baadaye mteja wangu akataka kadi za benki, na sasa anafungua tawi Arusha na anahitaji M-Pesa ya Vodacom. Kontrola ya malipo (klasi inayopokea maombi ya malipo kutoka kwa wateja) imejaa masharti ya "ikiwa ni hii, fanya hivi". Nimeshauriwa kutumia ruwaza ya kiwanda. Je, itanisaidia kweli, au nitakuwa nimeyahamisha tu masharti yale yale kutoka faili moja kwenda jingine?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Hofu yako ina msingi, ndugu msomaji. Ukiyachukua masharti yote yaliyomo katika kontrola na kuyabandika katika klasi mpya uliyoipa jina la kiwanda, hutakuwa umepata chochote isipokuwa faili moja zaidi la kulifungua kila kunapotokea tatizo. Nafuu hupatikana pale unapotenganisha maswali mawili ambayo kontrola yako kwa sasa inayajibu kwa pamoja: mteja huyu analipa kwa njia ipi, na njia hiyo inafanyaje kazi. La kwanza hujibiwa mara moja katika kila ombi na jibu lake ni fupi. La pili lina majibu marefu, na kila njia ina lake.

Ninakushauri uanze na la pili. Tazama jinsi njia zako tatu zinavyotofautiana. Katika huduma ya Daraja, ambayo ni mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, seva yako huomba kwanza tokeni (kibali cha muda) inayodumu kwa takribani saa moja, kisha hutuma ombi lenye kiasi, namba ya simu inayoanza na 254, na nywila inayopatikana kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda wa ombi. Jibu linalorudi papo hapo halisemi kwamba mteja amelipa. Linasema kwamba ombi limepokelewa, na matokeo yenyewe hufika baadaye katika anwani ya mrejesho uliyoitoa, baada ya mteja kuweka namba yake ya siri kwenye simu, au kughairi, au kuiacha simu mezani hadi muda ukapita. M-Pesa ya Vodacom Tanzania, ijapokuwa ina jina lile lile, ina mlango wake wa kiufundi, funguo zake na utaratibu wake wa kufungua kipindi cha mawasiliano, na namba zake za simu huanza na 255. Kadi ya benki nayo mara nyingi hutoa jibu la kukubaliwa au kukataliwa ndani ya ombi lile lile, isipokuwa benki inapotaka uthibitisho wa ziada kutoka kwa mwenye kadi.

Maana yake ni kwamba kiolesura utakachokiandika, yaani orodha ya funksheni ambazo kila klasi ya malipo lazima iwe nazo, hakiwezi kuahidi kurudisha "amelipa" au "hajalipa". Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibika: mwandishi wa programu hukichonga kiolesura kwa kuitazama njia moja aliyoizoea, njia ya pili inapokuja haitoshei, na masharti yaliyofukuzwa katika kontrola yanarudi kimyakimya. Kwa duka lako, kiolesura kinachofaa kina funksheni mbili tu. Moja huanzisha malipo na kurudisha namba ya kumbukumbu pamoja na hali ambayo inaweza kuwa "yanasubiri", "yamekamilika" au "yamekataliwa". Nyingine hupokea taarifa ya mrejesho kama ilivyotoka kwa mtoa huduma na kuitafsiri kuwa mojawapo ya hali hizo hizo tatu. Klasi ya Safaricom, ya Vodacom na ya kadi zitakitimiza kiolesura hicho kila moja kwa namna yake, na mambo ya tokeni, vipindi na misimbo ya nchi yatabaki humo humo. Ukifika hapa utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya kazi, na bado hujaandika kiwanda.

Kiwanda chenyewe ni kifupi. Kwa kutumia PHP 8, iliyotolewa Novemba 2020, kinaweza kuandikwa hivi:

```php
final class KiwandaChaMalipo
{
    public function __construct(private Container $kontena) {}

    public function unda(string $njia): NjiaYaMalipo
    {
        return match ($njia) {
            'mpesa_ke' => $this->kontena->make(MalipoSafaricom::class),
            'mpesa_tz' => $this->kontena->make(MalipoVodacomTz::class),
            'kadi'     => $this->kontena->make(MalipoKadi::class),
        };
    }
}
```

Utaona kwamba kiwanda hakiundi objekti kwa mkono, bali kinaiomba kontena ya Laravel, sehemu ya kiunzi inayounda objekti pamoja na mahitaji yake. Sababu ni kwamba kila klasi ya malipo inahitaji funguo, mipangilio na chombo cha kutumia HTTP, na kontena inajua kuvileta vyote. Bila hivyo kiwanda kingelazimika kujua siri za kila mtoa huduma na kingenenepa kila mara mmoja wao anapobadilisha masharti yake. Utaona pia kwamba hakuna tawi la "vinginevyo". Amri ya match ikikutana na neno lisiloorodheshwa hurusha hitilafu, na katika mambo ya fedha ni heri ombi lishindwe wazi kuliko lipitie njia ambayo hakuna aliyeichagua.

Wapo wanaopenda kuifuta orodha hiyo na kuliunda jina la klasi kutokana na neno lililotumwa na kivinjari, kwa kuliunganisha neno la fomu na kiambishi cha "Malipo". Msimbo unakuwa mfupi kwa mistari mitatu, lakini mtu wa nje anapewa nafasi ya kujaribu kutaja klasi za ndani ya programu yako. Usifanye hivyo. Orodha iliyoandikwa wazi inaruhusu yaliyomo humo na si zaidi.

Kuhusu swali lako la msingi, ni kweli kwamba masharti hayakutoweka. Yamebaki mahali pamoja, mstari mmoja kwa kila njia, na kila mstari unachagua tu bila kueleza namna ya kulipisha. Njia ya nne ikija utaandika klasi moja na kuongeza mstari mmoja, na kontrola haitaguswa. Hilo litatimia ikiwa utakumbuka jambo moja ambalo huachwa mara nyingi: taarifa ya mrejesho huja katika ombi jingine kabisa, pengine dakika kadhaa baadaye, na ombi hilo nalo linahitaji objekti ya aina ile ile iliyoyaanzisha malipo. Kwa hiyo weka neno la njia, kama vile "mpesa_tz", katika jedwali la malipo tangu mwanzo, na umpe kila mtoa huduma anwani yake ya mrejesho inayopitia kiwanda hicho hicho. Hifadhi neno hilo na si jina la klasi, kwa sababu majina ya klasi hubadilishwa na folda huhamishwa, ilhali malipo ya mwaka juzi bado yatahitaji kurejeshwa mteja anapodai haki yake.

Swali: Mhariri, katika mradi wetu wa Laravel tulirithi klasi ya Manager ili kuunda objekti za malipo, kwa kuwa Laravel yenyewe hufanya hivyo. Kwenye majaribio kila kitu kilikuwa shwari. Tulipohamishia kazi hizo kwenye foleni (ambako kazi husubiri kutekelezwa nje ya ombi la mteja), ombi la malipo la mteja mmoja likatumwa kwa namba ya simu ya mteja aliyemtangulia. Je, kiwanda kina kasoro?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Kiwanda kinafanya kile kilichoandikiwa, ila ni kiwanda chenye kumbukumbu, na nadhani hilo halikuzingatiwa. Klasi ya Manager huunda objekti mara ya kwanza inapoombwa, huiweka katika safu yake ya ndani, na kuanzia hapo hurudisha ile ile kila inapoombwa kwa jina lile. Laravel huitumia kwa mambo kama usimbaji wa nywila, ambako objekti moja ikihudumia maombi yote haidhuru kitu, kwa kuwa haibebi habari za mtu yeyote.

Ninyi, kwa jinsi dalili zinavyoonyesha, mna sifa ya namba ya simu ndani ya objekti ya malipo, na mahali fulani kuna msimbo unaoijaza pale tu sharti fulani linapotimia, labda mteja anapotoa namba tofauti na ile ya akaunti yake. Katika maombi ya kawaida ya wavuti kosa hilo halionekani, kwa sababu chini ya PHP-FPM (chombo kinachoendesha PHP kwenye seva) programu nzima huanza upya katika kila ombi na kumbukumbu zote hutupwa ombi linapokwisha. Mchakato wa queue:work, unaotekeleza kazi za foleni, hauendi hivyo. Hubaki hai, huchukua kazi moja baada ya nyingine, na objekti iliyoundwa kwa kazi ya kwanza ndiyo inayoihudumia ya mia. Kazi isiyojaza namba mpya huikuta ya zamani ikiwa bado imekaa mahali pake.

Tiba iliyo safi zaidi ni kuiondoa sifa hiyo. Funksheni ya kuanzisha malipo ipokee agizo lote kama hoja, namba ya simu ikiwemo, na objekti yenyewe ibaki na vitu visivyobadilika kati ya mteja na mteja: funguo, anwani za seva na muda wa kusubiri. Objekti isiyobeba habari za mteja inaweza kutumiwa tena na tena bila madhara, na kumbukumbu ya Manager inageuka kuwa faida. Ikiwa mna sababu ya lazima ya kuhifadhi hali ndani ya objekti, isajilini klasi yenu ya Manager katika kontena kwa funksheni ya scoped badala ya singleton (inayoihifadhi objekti ile ile muda wote), ili Laravel iitupe kila kazi mpya ya foleni inapoanza. Kuifanya hivyo klasi ya malipo peke yake hakutoshi, kwa kuwa Manager itakuwa bado imeishikilia ile iliyoundwa mwanzo.

Jaribio litakalowalinda ni rahisi kuliandika: ndani ya jaribio moja, kwa Manager ile ile, anzisheni malipo mawili mfululizo, la pili likiwa halina namba ya ziada, kisha hakikisheni limetumwa kwa namba ya akaunti. Majaribio yenu ya awali yalipita kwa sababu kila moja lilianza na programu mpya. Baada ya marekebisho kumbukeni amri ya queue:restart, kwani michakato iliyo hai itaendelea kutumia msimbo wa zamani hadi iwashwe upya.

Swali: Ninajifunza Flask. Programu yangu ilikuwa faili moja, nikaigawa katika faili tatu, na sasa Python inalalamika kwamba faili zinaingizana kwa mzunguko. Kila mahali nasoma kwamba dawa ni funksheni ya create_app. Kwa nini funksheni moja itibu tatizo hilo? Na mbona nilipoijaribu nikapata kosa jipya linalosema niko nje ya muktadha wa programu?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu: Python inapoliingiza faili kwa mara ya kwanza hulitekeleza kutoka juu hadi chini. Faili lako kuu, kwa kawaida, huunda objekti ya Flask na ya hifadhidata, kisha huliingiza faili la njia za wavuti. Faili la njia linahitaji objekti ya Flask ili liweke alama ya @app.route juu ya kila funksheni, kwa hiyo nalo huliingiza faili kuu. Faili la modeli, yaani klasi zinazowakilisha majedwali ya hifadhidata, huliingiza faili kuu pia, likitafuta hifadhidata. Ukizianza kutoka upande usiofaa, faili moja huomba jina ambalo lenzake halijafika kwenye mstari wa kulitengeneza, na kazi yote inakwama. Kuhamisha mistari ya kuingiza juu na chini kunaweza kukupa ahueni ya muda, nawe utaipoteza siku utakapoongeza faili la nne.

Funksheni ya create_app hubadilisha wakati wa kuzaliwa kwa programu. Objekti ya Flask haiundwi tena faili linaposomwa, bali funksheni inapoitwa, na kufikia hapo faili zote zimeshasomwa. Ila funksheni peke yake haitoshi, na hili ndilo maelezo mengi hulipita kwa haraka. Lazima pia vitu vingine viache kuitegemea objekti ya Flask wakati wa kusomwa. Njia za wavuti ziandikwe juu ya Blueprint, chombo kilichoingia katika Flask mwaka 2011 na ambacho hukusanya njia bila kujua zitawekwa katika programu ipi. Hifadhidata iundwe katika faili lake, kwa objekti ya SQLAlchemy (maktaba ya kuwasiliana na hifadhidata) isiyopewa programu yoyote, na modeli ziingize kutoka hapo. Kisha ndani ya create_app utaunda objekti ya Flask, utapakia mipangilio, utaita init_app ya hifadhidata, utasajili kila Blueprint, na kuirudisha programu iliyokamilika. Sasa faili la kiwanda linaziingiza nyingine zote na hakuna hata moja inayoliingiza lenyewe.

Mpangilio huo wa hatua si wa hiari. Kiambatisho cha Flask-SQLAlchemy husoma anwani ya hifadhidata wakati init_app inapoitwa, na mabadiliko ya mipangilio utakayoyafanya baada ya hapo hayatakuwa na athari. Ndiyo maana create_app nzuri hupokea mipangilio kama hoja. Katika majaribio utaiita ukiipa anwani ya hifadhidata ya muda, utapata programu kamili iliyounganishwa na hifadhidata hiyo, na jaribio linalofuata litapata nyingine ambayo haijachafuliwa. Kwa maoni yangu faida hii inazidi ile ya kuondoa mzunguko. Mzunguko ungeweza kuukwepa kwa mbinu nyingine, lakini programu inayozaliwa faili linaposomwa inakuwa imeshachagua hifadhidata kabla jaribio halijapata nafasi ya kusema neno.

Kuhusu kosa lako jipya: kwa kuwa hakuna tena objekti ya Flask inayoonekana na faili zote, sehemu zinazoihitaji hutumia current_app. Hiyo ni kama jina la cheo, humrejelea aliyeko kazini wakati huo. Wakati ombi linashughulikiwa, Flask huweka muktadha wenyewe na current_app hupata jibu. Faili linaposomwa hakuna ombi wala programu iliyo kazini, kwa hiyo mstari unaosoma current_app.config juu kabisa ya faili, nje ya funksheni yoyote, hauna wa kumwuliza. Ingiza mstari huo ndani ya funksheni inayoitumia thamani hiyo. Kwa hati ndogo unazoziendesha kwa mkono, kama ya kujaza data ya mwanzo, unda programu kwa create_app kisha uizungushie kazi yako muktadha kwa kutumia with na app.app_context.

Amri ya flask itakitambua kiwanda chako bila kuambiwa, ikiwa kinaitwa create_app au make_app. Gunicorn, seva ya kuendeshea programu za Python, haibahatishi. Utaiandikia jina la moduli, nukta pacha, na mwito wa funksheni pamoja na mabano yake, yote ndani ya alama za nukuu, la sivyo ganda la amri litayakataa mabano hayo. Wengine huepuka usumbufu huo kwa kuweka faili dogo la wsgi.py lenye mstari mmoja unaoiita create_app. Hilo halina ubaya. Ubaya upo katika kuuweka mstari huo mwishoni mwa faili la kiwanda na kuanza tena kuiingiza objekti yake kutoka faili nyingine, maana utakuwa umeurudisha mzunguko ule ule ulioukimbia.

Swali: Laravel ina folda ya database/factories. Je, ndiyo ruwaza hii hii, na je, viwanda vyangu vya huduma niviweke humo?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Usiviweke humo. Viwanda vya folda hiyo vina kazi moja, kutengeneza modeli zenye data ya mfano kwa ajili ya majaribio na kujaza hifadhidata ya maendeleo. Tangu Laravel 8, iliyotoka Septemba 2020, kila kimoja ni klasi inayojitegemea, na ukiita make unapata modeli isiyohifadhiwa, ilhali create huihifadhi katika hifadhidata. Zitofautishe hizo mbili, kwa kuwa majaribio mengi ya Laravel yanayokwenda polepole huwa yamejaa create mahali ambapo make ingetosha. Kiwanda kinachotumika wakati wa kuwahudumia wateja kiweke pamoja na huduma zake, kwa mfano ndani ya app/Malipo.

Wanaotumia Django nao hukutana na majina ya aina hii kwa kazi zisizofanana. RequestFactory huunda ombi la bandia kwa ajili ya majaribio, na ombi hilo halipiti katika tabaka za kati (msimbo ambao maombi ya kawaida huupitia kabla ya kufika kwenye ukurasa), hivyo mtumiaji na kipindi chake lazima uviweke mwenyewe kabla ya kuiita funksheni ya ukurasa. Kwa upande mwingine, formset_factory hutumika katika programu yenyewe na hurudisha klasi, si objekti. Ni juu yako kuunda objekti kutokana na klasi hiyo.

Swali: Kiongozi wa timu yetu ameagiza kwamba kila klasi ya huduma iwe na kiolesura na kiwanda chake, kwa hoja kwamba ndivyo wataalamu walivyofundisha. Mradi wetu wa Laravel si mkubwa, lakini kufuata ombi moja kutoka mwanzo hadi mwisho kunachukua muda mrefu kwa sababu ya kuruka faili hadi faili. Tumjibu vipi bila kumvunjia heshima?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Hoja ya kiongozi wenu ina asili yake, na ni vyema muijadili pamoja naye badala ya kuipuuza. Kitabu kilichozipa ruwaza hizi majina yake kilitoka mwaka 1994, kikiwa kimeandikwa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, na kina ruwaza 23, mbili kati yake zikiwa za kiwanda. Mifano yake iliandikwa kwa C++ na Smalltalk. Katika C++ klasi si kitu unachoweza kukiweka katika kibadilika na kumpa mwingine akitumie kuundia objekti, kwa hiyo ukitaka kuahirisha uchaguzi wa klasi huna budi kuandika kitu cha kuuchukua uchaguzi huo. Katika Python klasi yenyewe hupitishwa kama thamani yoyote, na kamusi ndogo yenye majina na klasi zake hufanya kazi ya kiwanda kwa mistari minne. Laravel nayo huja na kontena inayosoma hoja za konstrakta (funksheni inayoitwa objekti inapoundwa) na kuunda kila kinachohitajika. Kwa maneno mengine, mlipochagua kiunzi hicho mlipewa kiwanda tayari, na vingi kati ya mlivyoongeza vinaiomba kontena iunde kitu ambacho ingekiunda bila kuombwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ruwaza hii ni masalia ya zamani. Uchaguzi wa klasi ukitegemea jambo linalojulikana tu programu inapoendeshwa, kama njia ya malipo, nchi ya mteja au aina ya faili aliyoipakia, kontena peke yake haiwezi kukuchagulia, na kiwanda kina mahali pake halali. Uundaji ukiwa na hatua kadhaa zenye mpangilio, nao ukarudiwa mahali pengi, kiwanda kinafaa pia. Nje ya hayo, tahadharini na neno "huenda", kwa kuwa huenda tukabadilisha hifadhidata, na huenda tukaongeza mtoa huduma mwingine, lakini kiolesura kilichoandikwa kabla ya kumjua mtoa huduma wa pili huwa kimefuata umbo la wa kwanza, na atakapokuja wa pili kitaandikwa upya vile vile.

Kwa mazungumzo na kiongozi wenu, ninapendekeza mje na mabadiliko mkononi. Fungueni historia ya Git (kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo) na mtafute kiwanda ambacho tangu kilipoandikwa hakijawahi kurudisha zaidi ya klasi moja. Katika tawi la kazi, kiondoeni, zifanyeni klasi zilizokuwa zikikitumia ziitaje klasi hiyo moja kwa moja katika konstrakta zao, na mwendeshe majaribio yote. Mwonyesheni tofauti ya mistari na mumwombe achague mwenyewe kinachofuata. Mtu aliyeagiza jambo kwa nia njema hupokea kwa urahisi zaidi faili tatu zilizofutwa huku majaribio yakiwa yamepita, kuliko mjadala wa nadharia mbele ya timu nzima.

Mkiwa katika kazi hiyo, msihesabu klasi za uzalishaji pekee. Kiwanda cha kutuma ujumbe mfupi wa simu kinaweza kuonekana kina klasi moja, kumbe katika kompyuta za watengenezaji kinarudisha nyingine inayoandika ujumbe katika faili la kumbukumbu ili wateja halisi wasitumiwe jumbe za majaribio. Hicho kina aina mbili, nacho kibaki.